Sikio la Kushoto la Mwalimu Rigzin

Kijiwe cha Tharuk hakina benchi wala kibanda. Kina ukuta wa mawe ya sala unaotazama kusini, na chini ya ukuta huo kuna ukingo wa jiwe ambao makalio ya wazee yameulainisha hadi unang'aa. Jua la asubuhi likivuka mlima wa ng'ambo hupiga pale kwanza, kabla ya mashamba, kabla hata ya paa la shule, na katika majira haya, theluji ikiwa bado imejificha vivulini na majembe yakingoja ardhi ilainike, mtu mwenye akili zake hana pengine pa kwenda. Kila mmoja ana nafasi yake. Punchok hukaa mwisho, upande wa barabara, ili habari isimpite. Huyo ni Redio. Tsewang hukaa katikati, miguu kaitanua, maana zamani aliwabebea wanajeshi mafuta ya taa hadi mpakani, na ingawa bunduki hakuwahi kuishika, jina la Kapteni halikumtoka tena. Abi Disket, bibi wa kila mtu, huja na chupa ya chai ya siagi na chumvi, akajimiminia nusu kikombe kwa kuwa daktari kamkataza, kisha nusu nyingine, kisha nyingine, hadi jua la saa sita; kwa hiyo wanamwita Nusu Kikombe. Na pembeni kabisa, mgongo ukutani, akisokota sufu bila kuitazama, hukaa Morup, ambaye jina lake la kijiweni ni Kimya. Asubuhi hiyo hata sufu ilimshinda.

Alikuwa akimngoja mtawa. Mtawa alikuwa njiani kutoka monasteri kubwa iliyo nyuma ya mlima, na akifika angemtazama Jigmet, mjukuu wa Morup, mtoto wa miaka sita, aseme kama ndiye marehemu Mwalimu Rigzin aliyezaliwa upya au siye. Akisema ndiye, mtoto angeondoka naye. Morup alikuwa ameligeuzageuza jambo hilo kichwani tangu apate habari, na kila mara alifika mahali palepale: asubuhi ya kesho yake anafungua mlango wa nyumba, na viatu vidogo havipo kizingitini.

— Kimya, leo umezidi, — Redio akasema.

— Niacheni.

— Tukuache vipi, na wewe ndiye babu wa mtoto mwenyewe? Mimi ningekuwa wewe ningeshavaa kofia ya harusi.

— Wewe ndiye uliyepeleka maneno kule, Punchok. Hakuna aliyekutuma.

— Macho yangu ndiyo yaliyonituma. Mtoto anashika sikio mbele yangu, ninyamaze?

Morup mwenyewe alikuwa ameliona sikio hilo kabla ya Redio, ila hakumwambia mtu.

Mwalimu Rigzin alikufa kabla mtoto yeyote aliye shuleni leo hajazaliwa. Ujanani alikuwa mtawa, kisha akalivua joho kwa ridhaa ya wakubwa wake ili aje kufundisha Tharuk, mahali ambapo hakuna mwalimu aliyekubali kukaa hata msimu mmoja. Yeye alikaa hadi akafunikwa na theluji ya nywele zake mwenyewe, kama alivyopenda kusema. Jioni alikuwa wa kijiwe hiki hiki. Baridi ya utotoni ilikuwa imemla ncha ya sikio la kushoto, na kila alipofikiri alikishika kipande kilichobaki kwa vidole viwili, akakivuta chini polepole kama anayekamua mbuzi. Tena alikuwa na neno lake. Mkipanda naye mlimani, au mkigawana zamu za maji ya mfereji, kabla ya kusonga mbele lazima aulize, "Yupo aliyebaki nyuma? Tumngoje." Walimcheka kwa neno hilo miaka na miaka. Siku walipombeba kwenda kumchoma, kama maiti wanavyochomwa huku, Kapteni alisimama katikati ya njia akalisema, na wote wakasimama, na hakuna aliyecheka.

Sasa mwaka jana Jigmet kaanza shule, na haukupita muda akaanza kumtia babu yake hofu. Alimwambia Meme, ndivyo anavyomwita babu yake, kwamba maji ya kijito chao yanakwenda hadi baharini, na kwamba bahari ni ya chumvi kama chai. Aligawa mikate kumi na saba kwa watu watano, akatangaza kwamba miwili inabaki na ni yake, na huyo ni mtoto ambaye kamba za viatu bado anafungiwa. Alipokuwa akiigawa, mkono ulipanda wenyewe ukashika sikio la kushoto, ukalivuta. Kisha siku moja wakipanda kwenda kwenye kinu cha shayiri, Nusu Kikombe akaachwa na wenzake, na mtoto akasimama juu ya jiwe akasema, — Yupo aliyebaki nyuma? Tumngoje. — Nusu Kikombe alikaa chini palepale njiani, akalia hadi unga wa watu ukachelewa.

— Mimi sikatai kwamba kuna jambo, — Kapteni akasema sasa, akikipoza kikombe chake kwa pumzi. — Mimi nina neno na hesabu tu. Mwalimu kafa lini? Mtoto kazaliwa lini? Hapo katikati, miaka yote hiyo, alikuwa wapi?

— Kwenye foleni, — Redio akajibu.

— Foleni gani tena?

— Ya kurudi. Wewe unadhani kurudi ni kama kudandia lori? Watu ni wengi. Na mtu aliyengoja mshahara wa serikali tangu ujana, foleni ya kule aliiona ya kawaida tu. Halafu unamjua tabia yake. Kila akifikiwa, anageuka nyuma, anamwona mtu kachoka, anampisha.

Hilo lilifanana naye mno.

— Nyie mnakwenda mbali, — Kapteni akasema. — Mimi nasema ni mnara.

— Mnara upi?

— Ule wa jeshi, kule juu. Ule unatoa maneno mchana na usiku. Yanapita hapa, yanapita kichwani mwako sasa hivi, ila kichwa chako hakina mahali pa kuyapokelea.

— Na chako?

— Sikiliza nikuambie. Nilipokuwa mpakani kulikuwa na mpishi ana jino la chuma. Usiku akilala chali akaachama, unasikia taarifa ya habari inatoka humo.

— Uliisikia wewe?

— Aliyelala naye chumba kimoja aliisikia.

— Kapteni, Jigmet ana jino gani la chuma? Hata ya maziwa yameng'oka.

— Kimya, mtoto analala upande gani wa chumba?

— Karibu na sufuria ya shaba, — Morup akajibu kabla hajajizuia.

— Mmeona, — Kapteni akasema, akanywa chai yake kama mtu aliyemaliza kazi.

Nusu Kikombe alijimiminia nusu yake ya tatu. Alikuwa amevumilia kwa adabu, lakini uvumilivu wake nao haukujaa kikombe.

— Wanaume mnahangaika na minara na foleni, na jambo lenyewe liko wazi. Ni aprikoti.

— Haya, — akasema Redio, akajiweka vizuri.

— Mwalimu alichomwa wapi?

— Juu ya mfereji.

— Majivu yalikwenda wapi?

— Mengine yalipeperuka, mengine yaliingia mferejini.

— Mfereji unanywesha mti wa nani?

Wote wakamtazama Morup. Mti wa aprikoti ulikuwa wake, kila mtu aliujua.

— Na binti ya Kimya alipokuwa na mimba ya mtoto huyu, alishinda wapi? Juu ya mti. Alizila hadi tukamficha ngazi. Sasa mnataka niwaeleze nini tena?

— Kwa hesabu hiyo, Abi, kijiji kizima tumemla mwalimu, — Redio akasema. — Mimi kila mwaka namaliza gunia, na jina langu sijui kuliandika.

— Wewe unakula zilizokauka.

Kapteni alicheka hadi chai ikamwingia puani. Morup naye alicheka, akashangaa kujisikia, na papo hapo kicheko kikamgeukia uchungu kifuani. Binti yake alikuwa mjini Leh, anapika kwenye nyumba ya wageni, na hajaambiwa lolote. Angeambiwaje kwa simu inayokatika? Na jambo baya zaidi, ambalo Morup hakumweleza mtu, ni kwamba moyo wake haukuwa upande mmoja. Alimpenda Rigzin kuliko alivyowapenda ndugu zake. Usiku, miguu ya mtoto yenye baridi ikimgusa mgongoni, alijiuliza ni nani hasa anayemfunika blanketi. Kama kweli ni yeye, basi kijiji kimepewa kitu kikubwa kuliko kijiji chenyewe, na mzee mmoja mwenye mbuzi kadhaa ana haki gani ya kukishikilia?

— Wewe unasemaje, Kimya? — Nusu Kikombe akauliza, kwa upole safari hii. — Ni mtoto wako, na hujatuambia unaonaje.

Morup aliiweka sufu chini.

— Nilimuuliza.

— Nani?

— Mwenyewe. Nikamwambia, Jigmet, ile hesabu ya mikate, mambo ya bahari, nani kakufundisha? Mwalimu wako? Akasema siyo, mwalimu anamfundisha herufi. Nikamwambia, sasa nani? Akasema, hakuna mtu, Meme. Nayajua tu.

Redio alivua kofia yake. Hata Kapteni, ambaye alikuwa na neno la mnara mdomoni, alilirudisha lilikotoka. Jua lilikuwa limefika magotini mwao na hakuna aliyesogeza mguu.

Hapo ndipo mtawa akafika, na karibu wasimtambue. Walikuwa wakitazamia mzee juu ya farasi, na aliyekuja ni kijana kwa miguu, joho limejaa vumbi hadi kiunoni, kiatu kimoja kimefungwa kwa kamba. Aliwasalimu kwa jule kama mtu mwingine yeyote, akaegemea ukuta avute pumzi.

— Mjomba, karibu, kaa, — Nusu Kikombe akasema, maana huku watawa wote ni wajomba, hata wale unaoweza kuwazaa.

Alimpa kikombe kilichojaa. Mtawa akakinywa kama maji, akapewa kingine. Kufikia cha tatu wote walikuwa wanamsimulia kwa pamoja: foleni, aprikoti, mnara, sikio, kinu, mikate. Morup peke yake hakusema. Mtawa alisikiliza kila mmoja hadi mwisho, hata Kapteni na mpishi wake, na hakutabasamu pale ambapo mtu mwingine angetabasamu. Alipokuwa ameshasikia yote alifungua mfuko wake, akatoa vikombe vitatu vya mbao vilivyofungwa kwa kitambaa, akaviweka mapajani.

— Mkuu wetu alisoma pamoja na Rigzin, — akasema. — Rigzin alipokuwa anaondoka kwenda kufundisha, alimwachia kikombe chake. Alimwambia nitarudi kukichukua. Kimoja kati ya hivi ndicho. Mtoto akichagua hicho, nimeagizwa niondoke naye.

Morup alivitazama vile vikombe. Vilifanana. Alijaribu kumwona Jigmet akinyoosha mkono, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliomba mjukuu wake asijue kitu.

— Lakini kabla ya hapo niulize, — mtawa akasema. — Darasani hukaa wapi?

— Nani, Jigmet? — Redio akauliza.

— Ndiyo. Hukaa upande gani? Karibu na nani?

Redio aliirudisha kofia yake kichwani. Alimtazama Kapteni.

— Boriti la mlango wa shule nililibeba mimi, — Kapteni akasema. — Kutoka bondeni, kwa mgongo huu.

— Na ndani?

— Ndani ni kwa watoto.

— Mimi nilikanda udongo wa kuta, — Nusu Kikombe akasema taratibu. — Paa lilipofungwa nikanawa mikono nikaondoka.

Mtawa alimgeukia Morup, na Morup akayakwepa macho yake. Kila siku ya shule alimshika Jigmet mkono hadi kwenye kijito, akamvusha, akamtazama akikimbia hadi mlangoni. Hakuna siku aliyoongeza hatua zilizobaki. Hakukatazwa na mtu. Yeye hakusoma, na aliona kwamba mahali pale si pake.

— Sijui, — akasema.

Walikwenda wote. Shule iko karibu kiasi kwamba ukiwa kijiweni unasikia kengele yake, lakini kwa wale wazee ilikuwa safari, kila mmoja akijifunga mshipi na kupangusa nguo kana kwamba kuna atakayewakagua. Mtawa alitembea mbele na mfuko wake. Walipofika kijito Redio alisimama ghafla, akageuka.

— Nusu Kikombe kabaki nyuma, — akasema. — Tumngoje.

Halafu akasikia alichokisema. Mtawa alimtazama kwa muda mrefu, na Nusu Kikombe akawafikia na chupa yake ya chai, wakavuka.

Dirisha la shule lilikuwa na kioo kilichopasuka pembeni. Walisogea mmoja mmoja, mabega yakigusana, wakachungulia.

Kilikuwa chumba kimoja. Katikati palikuwa na jiko la chuma linalounguza kinyesi cha ng'ombe, bomba lake likipanda hadi darini, na kulizunguka jiko hilo kulikuwa na madarasa yote matano ya Tharuk, kila moja na ukuta wake au kona yake. Mwalimu Kunzes, msichana wa vijiji vya chini, alikuwa ameinama kwenye kona ya mbali na watoto wa darasa la tatu, mgongo kawapa wengine wote. Morup alidhani chumba kisichotazamwa na mwalimu kingekuwa na fujo ya mbuzi. Palikuwa na mvumo tu, wa sauti ndogo ndogo zikipishana, na hakuna iliyoikanyaga nyingine. Msichana mkubwa kati ya wanafunzi alikuwa anawasomesha wa darasa la pili. Wavulana wawili wa darasa la nne walikuwa wakipima meza kwa kipande cha kamba na kubishana kwa kunong'ona. Morup alisahau alichokuja kutazama. Alijua kuchunga mbuzi wa rika moja, akajua na kuchunga waliochanganyika, na alijua kazi iliyo hapo. Hakuwahi kuona kundi linalojichunga lenyewe.

Kisha akamwona. Mkeka wa darasa la kwanza ulikuwa kando ya jiko kabisa, kati yake na ukuta, kwa kuwa wadogo ndio wanaoshikwa na baridi mapema. Jigmet alikuwa amepiga magoti juu yake na kibao chake, anachora herufi, ulimi nje. Na juu ya kichwa chake, ukutani nyuma ya jiko, ndipo ulipotundikwa ubao wa darasa la tano, maana kuta nyingine hulowa theluji ikiyeyuka na chaki haishiki. Wakubwa walikuwa wakisoma ubao ule kwa sauti: mto unazaliwa wapi, unapita nchi gani, unaingia bahari gani. Maneno yao yote yalikwenda ubaoni yakipita juu ya mkeka wa wadogo. Jigmet hakuinua macho kutoka kwenye herufi yake. Midomo yake tu ndiyo iliyokuwa ikicheza, neno kwa neno, pamoja nao. Na ya yule msichana mdogo aliye kando yake. Na ya yule mwingine mwenye kamasi.

— Nayajua tu, — Morup akanong'ona. Aliona kwamba mtoto hakumdanganya. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amekaa mahali yanapopita.

— Lakini sikio? — Redio akanong'ona naye, akiwa kama anayesihi. — Kushika sikio si jambo la kusomwa ubaoni.

Ndani, mwalimu Kunzes alinyooka, akasema jambo kwa chumba kizima. Lilikuwa swali la hesabu, kila darasa na kipande chake, na baada ya hapo akasema, — Fikirini.

Mikono ikapanda. Ya wavulana wakubwa wa darasa la tano, ya wale wenye kamba, ya darasa la pili lote, ya wadogo wa mkekani. Kila mkono ulikwenda kwenye sikio la kushoto, ukalishika kwa vidole viwili, ukaanza kulivuta polepole. Mwalimu naye, akitembea kati yao, alikuwa amelishika lake.

Nusu Kikombe alimshika Morup mkono, akaubana hadi ukamuuma. Kapteni alikuwa anapumua kwa mdomo na kioo kikawa na ukungu, akakipangusa haraka kwa mkono wa nguo ili kisimnyime hata kidogo.

Polepole mikono ilishuka, vibao vikawekwa chini. Msichana mkubwa, aliyekuwa na darasa la pili, alitupa macho chumbani kote.

— Yupo aliyebaki nyuma? — akauliza.

— Tumngoje, — chumba kikajibu, bila mtu kuinua kichwa, kama wanavyosema watu jambo ambalo hawajui kwamba wanalisema.

Wakangoja. Kulikuwa na mvulana wa darasa la pili ambaye bado anahesabu kwa vidole, akikosea, akianza upya. Darasa la tano lote lilimngoja yeye. Jiko lililia kidogo. Alipomaliza, hakuna aliyempigia makofi wala kumcheka; waliendelea tu.

Ndipo Redio, aliyeshindwa kujizuia, akagonga kioo. Mwalimu Kunzes alikuja akafungua, akashtuka kuona kijiwe kizima kimehamia dirishani kwake, na mtawa pamoja nacho.

— Samahani, mwanangu, — Redio akasema. — Lile neno la kumngoja aliyebaki. Umewafundisha wewe?

— Hapana. Nililikuta. Nilipokuja hapa ni wao walionifundisha, nilikuwa nakimbia mno na masomo.

— Na sikio?

— Sikio gani? — akauliza mwalimu, na mkono wake ulikuwa sikioni.

Mtawa alimwita msichana mkubwa kwa kidole. Akaja, na jina lake lilikuwa Chorol.

— Wewe ulifundishwa na nani kushika sikio?

Chorol alifikiri, na kufikiri kwenyewe kukamlazimu alishike.

— Sijui, Mjomba. Nilipokuwa mkekani dada Angmo alikuwa anatuangalia. Yeye alikuwa anafanya hivi. — Kisha akaongeza, kwa kuwa waliokuwa dirishani walimtazama kwa namna ya ajabu: — Ndivyo watu wanavyofikiri.

— Na Angmo, nani alimwangalia alipokuwa mkekani?

Hilo Chorol hakulijua. Lakini Nusu Kikombe alilijua, maana aliyemwangalia Angmo alikuwa mwanawe wa mwisho, ambaye siku hizi anaendesha lori mbali sana na Tharuk. Na huyo ndiye aliyekuwa mkekani, karibu na jiko, siku ambazo Mwalimu Rigzin mwenyewe alisimama pale. Alimimina chai, na chupa ikatoa matone mawili ikaisha.

Mtawa alikuwa amevipanga vile vikombe vitatu kwenye ukingo wa dirisha. Alivitazama, akatazama chumba, mkeka, kona moja baada ya nyingine, vile vichwa vyote vilivyoinama. Aliunganisha viganja vyake mbele ya kifua, akainamisha kichwa kwa chumba kile kama anavyokiinamishia hekalu. Alipokiinua macho yalikuwa na maji, na hakujaribu kuyaficha.

— Hamkusema uongo, — akawaambia wazee. — Yumo humu. Sasa nielekezeni. Nimchukue yupi?

Redio, ambaye katika maisha yake hakuwahi kukosa jibu la swali lolote, hata yale ambayo hakuulizwa, alitazama miguu yake. Kapteni alitazama boriti la mlango. Mtawa alikichukua kikombe kimoja, kile alichokiacha Rigzin, akakiweka ndani ya dirisha, upande wa watoto, akavifunga viwili vilivyobaki katika kitambaa.

— Nitamwambia mkuu kwamba nimemkuta yuko kazini, — akasema. — Sikutaka kumkatisha.

Morup alishika ukuta. Alikuwa bado ameushika pale Jigmet alipoinua macho kutoka kwenye herufi yake na kumwona. Mtoto hakuwahi kumwona babu yake kwenye dirisha lile. Alimtazama, akaangalia chumba, akapata aliyekosekana.

— Meme kabaki nje, — akasema.

— Tumngoje, — wakasema wote.

Na kweli waliweka chaki chini. Chumba kizima kilimgeukia mlangoni, wakubwa na wadogo, kikatulia, na mwalimu akatulia nacho. Jigmet alikuwa amesogea ukingoni mwa mkeka ili pawe na nafasi.

Morup alizunguka hadi mlangoni, akapita chini ya boriti la Kapteni. Kizingitini palikuwa na viatu vya watoto, safu nzima, vingine kamba zimefungwa vibaya. Alivua vyake, akaviweka kando ya vile vidogo kuliko vyote, akaingia.